Maneno ya tangazo na sura ya biashara: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nitajuaje kama maneno ninayoandika kwenye matangazo yanafanana na biashara yangu? Tumechagua sita. Nyingine zilizofanana nazo tumezijumuisha humo humo.

Mshonaji wa kike, Tanga

*Nashona gauni za kitenge na suti za kike kwa oda. Bei yangu si ya chini na kazi yangu inajulikana. Matangazo ya WhatsApp na Instagram anaandika mdogo wangu. Siku hizi watu wanaingia wakiuliza "mwisho bei gani?" hata nguo hawajaigusa. Shida ni maneno au ni hali ya uchumi? Tangazo letu la karibuni ni hili: "MZIGO MPYA UMEINGIA!!! Bei chee, wahi mrembo usipitwe!! Bei njoo inbox."*

Dada, anza na maneno, kwa sababu hayo unaweza kuyapima wiki hii hii.

Tusome tangazo lako polepole. "Mzigo" ni neno la muuza nguo za jumla, au la muuza mtumba aliyefungua belo asubuhi. Wewe huna mzigo, una mshono. "Umeingia" linasema nguo zimetoka kwingine, wakati kila nguo yako inaanzia kwenye futi kamba mbele ya mteja mwenyewe. "Bei chee" linamwambia asiogope kupunguza. "Wahi" linatangaza kwamba vitu vinaisha, na nguo ya oda haiishi. "Mrembo" linamfaa binti wa miaka 22, lakini suti zako wanavaa walimu, makarani na mama wa bwana harusi. Na hilo la mwisho, "bei njoo inbox", ndilo lililoleta swali linalokuchosha. Mtu akifichiwa bei huamini kwamba kila anayeuliza anatajiwa ya kwake, basi naye anakuja kutafuta ya kwake. Hizo alama za mshangao nazo zina uzito. Watu wamekua wakisikia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na tangazo linalopiga kelele linasomeka kama kitu kinachojitembeza.

Sasa kagua yaliyobaki. Nakili matangazo 20 ya mwisho kwenye daftari, maneno matupu. Picha ziache kwanza, maana picha nzuri hufunika neno baya. Kwa kalamu moja zungushia sifa zote (mpya, kali, nafuu, ya kipekee), kwa nyingine vitenzi vya kumwamuru mteja (wahi, chukua, njoo), kwa ya tatu namna unavyomwita (mrembo, bosi, mpendwa, mama). Hesabu kila moja limetokea mara ngapi. Wengi hushtuka hapa, kwa sababu neno ambalo hawakujua kama wanalitumia huwa ndilo linaloongoza.

Ukurasa wa pili, andika maneno matatu ambayo ungependa mteja ayaseme akikuelezea kwa shoga yake. Usiandike "ubora" wala "huduma bora". Kipimo ni hiki: kama hakuna fundi duniani anayeweza kutangaza kinyume chake, neno hilo halikutofautishi na mtu. Hakuna anayesema anatoa huduma mbovu. Lakini "anamaliza siku aliyosema" ni maneno mazito, kwa kuwa sote tunamjua fundi wa njoo kesho.

Ukurasa wa tatu, nenda kwenye simu utafute ujumbe 20 wa wateja waliolipa na kurudi. Nakili maneno yao yalivyo. Kwa washonaji mara nyingi utakuta "limenikaa", "halibani", "halijachuja", "uliniahidi Ijumaa na Ijumaa nimepata". Hayo ndiyo maneno yako, tayari yamejaribiwa na watu walioweka pesa. Linganisha kurasa tatu. Ikiwa maneno ya ukurasa wa pili na wa tatu yanaonekana kwenye chini ya nusu ya matangazo, yaani chini ya 10 kati ya 20, tangazo na duka ni vitu viwili tofauti.

Kuna jaribio jingine la dakika tano. Chukua tangazo lako moja na mawili ya washonaji wengine, futa majina, namba na picha, wape wateja watatu wa zamani na uwaulize lipi ni lako. Wakisita, umeandika tangazo la mtaa mzima.

Tangazo lako lingeweza kusomeka hivi: "Tunashona kwa kipimo chako. Gauni la kitenge lenye bitana 85,000, na marekebisho ya kwanza yamo humo. Unapimwa leo, unachukua baada ya siku 7." Weka bei yako halisi. Neno "kuanzia" litumie tu ikiwa gauni la bei hiyo lipo na linashonwa kweli. Vinginevyo mteja anafika na 60,000 mkononi, anatajiwa 95,000, na ubishi unaanza upya.

Kuhusu uchumi: kwa wiki nne weka alama kwenye daftari kila mtu anapoingia. Aliyeanza na bei, mstari upande huu. Aliyeanza na siku, kitambaa au kipimo, upande ule. Maneno yakibadilika na mistari isihame, hapo ndipo uangalie bei au msimu. Mdogo wako naye mpe karatasi moja yenye maneno kumi mnayotumia na kumi msiyotumia, na kando ya kila lililokataliwa sababu fupi. Bila sababu, "mzigo umeingia" litarudi mwezi ujao, kwa kuwa ndilo analoliona kila anapofungua simu.

Wasaga nafaka, Arusha

*Tunasaga mahindi na tunataka kuuza upande wa pili wa Namanga. Je, tuwe na maneno mawili, ya Tanzania na ya Kenya? Hatutaonekana vigeugeu?*

Badilisheni majina ya vitu, tabia ya sauti iacheni ilivyo. Kwenye mfuko wenu "dona" na "sembe" ni maneno kamili kwa Mtanzania. Anajua lipi limesagwa na pumba na lipi limekobolewa. Kajiado, "dona" peke yake linaweza kumpita mnunuzi, hivyo ongezeni maelezo ya moja kwa moja: "unga wa mahindi usiokobolewa". Neno "posho" ni mtego mkubwa zaidi. Kwenu ni malipo ya kikao au ya safari, Kenya mashine ya kusaga huitwa poshomili, na Uganda posho ni ugali wenyewe. Lisikae kwenye tangazo la nchi tatu.

Jingine ambalo wengi hawalikagui ni upatanisho. Unga *unapatikana*, mafuta *yanapatikana*, sabuni *zinapatikana*. Tatizo huja jina la biashara linaposimama peke yake, mfuko mmoja ukaandikwa "inapatikana" na bango likaandikwa "unapatikana". Amueni mara moja: jina likimaanisha unga, liende na unga kote, likimaanisha kampuni, liende na kampuni. Msomaji huenda asijue kanuni, lakini sikio lake hukwaruzwa, na anachobaki nacho ni kwamba hawa hawako makini. Kwa watu wanaouza chakula, hiyo ni hasara.

Kamati ya chama cha akiba na mikopo, Mombasa

*Vijana wanataka tuandike Sheng ili tuwavute vijana wenzao. Wazee wanataka barua rasmi kama za benki. Tumekwama.*

Tazameni jinsi kampuni za simu zilivyolitatua jambo hili. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na huduma nyingi zilizoizunguka zikapewa vitenzi vya Kiswahili cha kawaida. "Fuliza", iliyotoka mwaka 2019, ni kuendelea bila kukatisha. "Songesha" ya upande wa Tanzania ni kusukuma mbele. Zote mbili zinamkamilishia mteja malipo pale salio lisipotosha, na jina halina deni wala riba ndani yake. "Okoa Jahazi", ya kukopa muda wa maongezi, ikaenda kuazima picha pwani kwenu. Mzee anaelewa, kijana anaelewa, na hakuna aliyelazimika kujifunza msamiati wa benki. Sheng hubadilika haraka na hutofautiana mtaa kwa mtaa. Neno lililowaka mwaka huu, mwakani linaonyesha umri wa aliyeliandika. Kanuni yetu ni hii: ikiwa karani wenu hawezi kulitamka neno hilo dirishani mbele ya mwanachama wa miaka 60, lisiandikwe kwa jina la chama.

Lakini msiishie kwenye mabango. Sura ya chama inaonekana zaidi kwenye ujumbe wa kudai kuliko kwenye ujumbe wa kukaribisha, na huo ndio usiokaguliwa na mtu. Linganisheni:

"Umeshindwa kulipa deni lako. Lipa mara moja kuepuka hatua kali."

"Rejesho lako la Machi, shilingi 4,500, bado halijaingia. Likifika kabla ya tarehe 10 hakuna faini. Ukikwama, piga simu ofisini tupange."

Wa kwanza unamhukumu mtu: ameshindwa. Wa pili unazungumzia rejesho, na kitenzi kimebebwa na rejesho lenyewe. Una kiasi, una tarehe, una njia ya kutokea. "Rejesho" ndilo neno wanachama wanalolitumia wenyewe kwenye vikao. "Deni" ni neno la jirani aliyekasirika. Bango likisema "chama chetu sote" halafu simu ikasema "hatua kali", mwanachama ataamini simu.

Basi kusanyeni kila kinachotoka ofisini: fomu ya kujiunga, risiti, ujumbe wa rejesho, barua kwa mdhamini, bango la mlangoni. Visomwe kwa sauti, kimoja baada ya kingine, kwa mkao mmoja. Mahali sauti inapobadilika kama mtu mwingine ameingia chumbani, pawekeni alama. Kwa kawaida ni kwenye barua ya mdhamini.

Muuza vifaranga, Kibaha

*Nina namba 600 za wafugaji. Nikituma ujumbe mfupi natozwa mara mbili, hata tatu. Nikifupisha naonekana mkavu. Nifanyeje?*

Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 153 kila kimoja. Ukiweka emoji hata moja, au zile alama za kunukuu zilizopinda ambazo kompyuta huzichomeka yenyewe, kikomo hushuka hadi 70, na vipande huwa vya 67. Kwa hiyo ujumbe wa herufi 165 ni vipande viwili, sawa na 1,200 kwa watu wako 600. Ujumbe huo huo ukiwa na picha ya kifaranga mwishoni ni vipande vitatu, 1,800. Ukiunakili kutoka kwenye programu ya kuandikia, zifute alama za kunukuu na uzichape upya kwenye simu.

Ukavu hautokani na ufupi. "Mteja wetu mpendwa, tunapenda kukutaarifu kwamba" ni herufi 48, na mfugaji bado hajaambiwa kitu. Heshima kwa mfugaji ni kumjali muda wake na kuku wake, nayo hupatikana ndani ya 160:

"Vifaranga kuroila wa siku 1 watafika Alhamisi saa 2 asubuhi. Wamechanjwa Mareks. Bei 2,000 kila mmoja. Lipia kabla ya Jumanne. Njoo na boksi lenye matundu."

Hizo ni herufi 155. Sentensi ya mwisho ndiyo inayokutambulisha: inaonyesha unajua vifaranga hufa njiani kwa kukosa hewa, na unajali wakishaondoka kwako. Hakuna "mpendwa" linaloweza kusema hivyo.

Mambo mawili ya kuangalia. Vifaranga ni viumbe, basi *wamefika*, hawakosi "wa" yao. Ukiandika "vimefika" kama vikombe, mfugaji anayewaita "hawa" kila siku ataliona. Na usikate maneno kuwa "ktk" na "xaxa" ili upate nafasi, punguza habari. Jina la mtumaji nalo lina kikomo cha herufi 11, kwa hiyo chagua ufupisho ambao mteja angeutambua hata asipoisoma habari yenyewe.

Muuza spea za magari, Dar es Salaam

*Kila duka linaandika "original". Nisipoandika nitaonekana nauza feki?*

Neno hilo limeshatumika kwa kila kitu hadi halimwambii mnunuzi chochote, na fundi aliyemtuma kijana dukani kwako anajua hivyo. Andika ulichonacho rafuni: "mpya, ya mtengenezaji wa gari", "mpya, ya kampuni nyingine", au "imetumika, imetolewa kwenye gari kutoka Japani". Ongeza namba ya spea na muda unaokubali kurudishiwa. Kwenye lebo ya bei, kwenye simu na mdomoni kwa kijana wa kaunta yawe maneno yale yale matatu. Pia kuna sheria: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na "original" kwenye kopi ni upotoshaji ulioandikwa kwa mkono wako mwenyewe.

Mwenye nyumba ya wageni, Pangani

*Tovuti yetu ilikuwa ya Kiingereza tu, tukaifasiri ili tuwapate Watanzania. Hawaji, au wakija wanapiga simu kuuliza kila kitu upya. Sentensi ya kwanza inasema: "Pata uzoefu usiosahaulika wa machweo ya kipekee katika paradiso iliyofichika."*

Wanapiga simu kwa sababu hawajaambiwa. Kwetu "uzoefu" ni wa kazi. Fundi ana uzoefu wa miaka 15. Mgeni wa wikiendi hauendei Pangani. Na neno "paradiso" lingewekwa Bagamoyo au Kilwa bila kubadilisha herufi.

Fanya hivi: kwa wiki mbili andika kila swali linaloulizwa kwenye simu, kwa maneno ya muulizaji. Tunaweza kukisia mengi: choo kimo ndani? chai ya asubuhi imo kwenye bei? gari dogo linafika mvua ikinyesha? watoto wanalipa? Kila swali lililoulizwa mara tatu au zaidi lipate sentensi yake kwenye ukurasa wa kwanza, kwa neno lile lile alilolitumia. Akisema "chai", usimwandikie "kiamshakinywa".

Wengine wenye nyumba za wageni wanaogopa kwamba hapo ukurasa utakuwa kama orodha ya bei na utulivu wa nyumba utapotea. Utulivu unao, ila umeufunika. Mnapeleka wageni kisiwa cha Maziwe, fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hufunikwa. Basi safari yenu inafuata maji, haifuati saa ya ukutani, na hilo hakuna hoteli ya mjini inayoweza kuliandika. Mngesema: "Mashua inaondoka kufuatana na maji. Siku za bamvua tunakuamsha mapema, kwa kuwa mchanga hukaa wazi muda mfupi. Ratiba ya wiki tunakutumia ukishalipia chumba." Kupwa, kujaa, bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana): maneno hayo wavuvi wa hapo kwenu wanayasema kila siku, na mgeni kutoka Dodoma akiyasoma atajua anakwenda kwa watu wa bahari.

Mkishaandika upya, mpeni mtu ambaye hajawahi kufika Pangani asome mara moja, kisha mmuulize mambo matatu bila kumrudishia karatasi: atalipa kiasi gani, atafikaje, na ataondoka saa ngapi kwenda kisiwani. Asipojibu la tatu kwa kusema "inategemea maji", rudini kwenye aya hiyo.